Ngozi ivute ingali maji

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya kwa njia ya gazeti, wiki hii naomba mniwie radhi nikianza na habari za ukoo wangu.

Majuma matatu yaliyopita nilitembelewa hapa mjini Shinyanga na mpwa wangu, binti wa dada yangu anayeishi Kahama. Ana umri wa miaka 19. Aliniamkia, akakaa, akavua pochi begani mwake na kuiweka mezani. "Mjomba," akasema, "hii nimeishona mwenyewe. Nataka hii ndiyo iwe kazi yangu."

Binti huyu ana mitamba wawili aliopewa na marehemu babu yake. Anataka kuwauza, apate ada ya mafunzo na cherehani ya kushonea ngozi. Mama yake hataki hata kulisikia jambo hilo. Nilipompigia simu, dada yangu aliniuliza swali moja tu: "Ng'ombe anazaa. Je, pochi inazaa?" Kwa hiyo mimi, kama mjomba, nikatakiwa kutoa neno.

Sikulitoa siku ile. Niliomba muda, kwa sababu niliona kwamba swali la dada yangu si la nyumba moja. Ni swali ambalo mkoa wetu, na nchi yetu nzima, imekuwa ikilijibu kwa miaka mingi bila kujua kwamba imeulizwa. Hebu tulitazame pamoja.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, miaka ya mwanzo ya 1990, ng'ombe akichinjwa au akifa nyumbani kwetu, kazi ya kuwamba ngozi ilikuwa yetu sisi watoto. Tulichonga vigingi, tukaivuta ngozi pande zote ingali na unyevu, tukaipigilia chini juani, kisha tukakaa kuwafukuza mbwa. Ikikauka inakuwa ngumu kama ubao. Baada ya siku chache anakuja mnunuzi na baiskeli, anaipigapiga kwa ngumi, anaifunga nyuma ya baiskeli yake, anatoa fedha za kununulia madaftari, anakwenda zake. Baadaye sana nilijifunza kwamba hata namna ile ya kuianika chini kwenye jua kali ilikuwa inaiharibu. Ngozi hutakiwa kuwambwa kwenye fremu, kivulini, hewa ipite pande zote mbili. Lakini hakuna aliyetuambia, na mnunuzi naye hakuwa na haja ya kutuambia.

Wahenga walisema, ngozi ivute ingali maji. Mwalimu alitufundisha kuwa maana yake ni kumfunza mtoto mapema. Sisi tuliokuwa na vigingi mikononi tuliijua pia maana ya kwanza: ngozi ikishakauka, haivutiki tena.

Ngozi zile zilikwenda wapi? Zilikwenda kule zilikokwenda ngozi za babu zetu. Kabla ya nguo za madukani kuenea, ngozi hapa Usukumani ilikuwa vazi, ilikuwa tandiko la kulalia, ilikuwa mbeleko ya mtoto, na aliyeilainisha alikuwa mtu wa kijijini. Ukoloni ulipoingia, ngozi ikawa bidhaa ya kupelekwa ng'ambo. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipitia hapa Shinyanga, mizigo ya kanda hii ilipata njia ya haraka ya kuelekea bandarini. Fundi wa kijiji hakuamriwa kuacha kazi yake. Kazi ndiyo iliyomwacha yeye, maana nguo ya dukani ilipatikana, na ngozi mbichi ilikuwa na mnunuzi.

Tusidhani kwamba hayo yalikuwa ya ngozi peke yake. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, Dk. John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 ikapatikana hapo almasi ya rangi ya waridi, ya karati 54.5 kabla ya kuchongwa, naye Williamson akamzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo huo na baadaye akawa Malkia. Jiwe lilichongwa huko Uingereza, likatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Jiwe lilitoka Shinyanga. Ua halikutoka Shinyanga.

Geita nako, mgodi wa dhahabu ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, ukafungwa, kisha mgodi mpya mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu, mahali ambapo wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996, ukafunguliwa mgodi mwaka 2001. Na nani asiyekumbuka mwaka 2017, pale makontena 277 ya mchanga wa madini yalipozuiwa katika bandari ya Dar es Salaam? Mwaka ule neno makinikia lilikuwa midomoni mwa kila mtu, kuanzia bungeni hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Tuliulizana: inakuwaje mchanga unaondoka, na thamani yake inakwenda kuonekana mbele ya safari?

Lilikuwa swali la haki. Lakini mimi nasema, ndugu msikilizaji, ngozi ni makinikia mengine, na yamesafirishwa kwa miaka mingi zaidi, bila kelele. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na kanda yetu ni miongoni mwa zenye mifugo mingi. Hata hivyo, ukipita katika maduka ya mikoba ya Kahama, Geita au hapa Shinyanga, utakuta nyingi ni plastiki iliyotengenezwa ifanane na ngozi, au mitumba iliyokwisha kubebwa na mwenzako kwingine. Mimi mwenyewe niliwahi kumnunulia mke wangu pochi ya namna hiyo, katika duka moja la mjini, kwa bei ya kuumiza. Haikumaliza masika mawili kabla haijaanza kubambuka kama rangi ya mlango wa zamani.

Hapo msomaji mmoja atasema: kama ni hivyo, tujenge viwanda, na tuzuie ngozi ghafi isitoke. Naam, yote mawili tumeyajaribu, na ni vizuri tukakumbuka yaliyotokea.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi ilijipatia viwanda vya umma vya kusindika ngozi, Mwanza, Morogoro na Moshi. Kisha huko Morogoro kikajengwa kiwanda kikubwa cha viatu, kwa fedha za Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi zaidi ya milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya viatu hivyo ivaliwe Ulaya. Mashine zilikuja. Majengo yalisimama, ingawa hata hayo yalijengwa bila kujali joto la Morogoro. Lakini kiwanda kile hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Viwanda vya kusindika ngozi navyo viliingia katika ubinafsishaji wa miaka ya 1990.

Tukajaribu na njia ya kodi. Mwaka 2003 Serikali iliweka kodi ya asilimia 20 kwa anayepeleka ngozi ghafi nje ya nchi, ikapandishwa hadi asilimia 40 mwaka 2007, na asilimia 90 mwaka 2012. Nia ilikuwa njema: ngozi ibaki, viwanda viamke. Ikawaje? Ngozi nyingine ilivuka mipaka kwa njia za panya. Na bei ya ngozi duniani iliposhuka, ngozi nyingi zilianza kutupwa kwenye machinjio. Leo mchinjaji anaweza kukwambia ichukue tu, nipunguzie uchafu. Mnunuzi yule wa baiskeli wa utotoni mwangu haji tena.

Nawaomba tusiwacheke waliojaribu. Tujiulize tu: ni nini kilichokosekana? Ng'ombe walikuwepo. Mashine zilikuwepo. Kodi ilikuwepo. Kwa maoni yangu aliyekosekana ni mtu mmoja anayesimama kati ya ng'ombe na mteja: fundi mbunifu, yule anayejua ngozi kwa vidole vyake, na anayejua kwa macho yake mteja anabeba nini, anapita wapi, na mfukoni ana kiasi gani. Kiwanda cha Morogoro kilipangwa kuwashonea watu wa Ulaya viatu kabla ya kupatikana wabunifu wanaoijua miguu ya watu hao.

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo madogo, wenye majina makubwa katika biashara ya mikoba duniani walizaliwa na mitaji." La hasha. Hebu tuwatazame.

Louis Vuitton alizaliwa mwaka 1821 katika kijiji kiitwacho Anchay, mashariki mwa Ufaransa. Aliondoka kwao kwa miguu akiwa mtoto, akafanya vibarua njiani, na alifika Paris mwaka 1837. Huko alipata kazi kwa fundi wa masanduku, ambaye pia aliwafungashia matajiri nguo zao za safari. Kwa miaka kama 17 alifungasha mizigo ya watu. Akaona kwamba masanduku ya siku zile yalikuwa na mifuniko ya mviringo, hayapangiki moja juu ya jingine kwenye treni na meli. Alipofungua duka lake mwaka 1854, akaja kutengeneza sanduku la kifuniko bapa. Hilo ndilo lililomtoa.

Nyumba ya Hermès ilianza Paris mwaka 1837 kwa kushona hatamu na mikanda ya farasi, na mkoba wake wa mwanzo kabisa ulikuwa wa kubebea tandiko la farasi. Guccio Gucci alikuwa mhudumu katika hoteli ya Savoy, London, akitazama mizigo ya wageni, kabla ya kufungua duka lake Florence, Italia, mwaka 1921. Na mwaka 1955 Coco Chanel aliutilia mkoba wa kike mnyororo wa kuning'iniza begani, kwa sababu alichoka kushika mkoba mkononi, akataka mikono yake iwe huru.

Watu hao hawakuanza na jina. Walianza na mzigo. Kila mmoja alitazama jinsi watu wanavyohangaika kubeba vitu vyao, akapata jibu kwa kutumia alichokuwa nacho mkononi.

Nikasema moyoni: je, sisi wa Shinyanga na Geita hatuna mizigo ya kutazama? Hii ni nchi ya wabebaji. Katika karne ya 19 wapagazi wa Unyamwezi na Usukuma walibeba pembe za ndovu kwa frasila, kwa miguu, hadi Bagamoyo na kurudi. Leo mchimbaji mdogo anabeba mawe katika viroba kutoka mdomo wa duara hadi mwaloni yakasagwe na kuoshwa. Mama lishe wa machimboni anafunga fedha katika pindo la kanga. Mfanyabiashara wa mnadani anaficha fedha kwenye soksi. Mwalimu anapanda bodaboda na madaftari ya darasa zima mkononi, na vumbi jekundu la Geita linayapaka rangi kabla hajafika nyumbani.

Hapo ndipo nilipoichukua tena ile pochi ya mpwa wangu na kuitazama vizuri. Mkanda wake ni mpana, unapita kifuani, si wa kuning'inia bega moja. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu, "Mjomba, pochi ya bega moja, ukipanda bodaboda inavutwa na mwizi." Ndani, nyuma ya bitana, kuna mfuko wa siri unaofunguka upande wa tumboni. "Na huo?" Akasema, "Huo ni wa fedha za mnada. Niliwaona akina mama wakihangaika." Kifuniko chake kinashuka hadi chini, vumbi na mvua visiingie.

Ndugu msikilizaji, binti huyu hajasoma habari za Vuitton. Lakini ameanza pale pale alipoanzia Vuitton.

Sasa niseme na upungufu wake, maana mjomba anayesifu tu anampoteza mtoto. Ushonaji pembeni umekwenda upogo. Zipu ni ya bei rahisi na itakufa mapema. Na ngozi yenyewe ina makovu: hapa chapa ya moto, pale mikwaruzo ya miiba, pale tundu la kisu cha mchunaji. Hayo ndiyo maradhi ya ngozi zetu, na yanaanzia kwetu wafugaji, tunaopiga chapa katikati ya ubavu, mahali penye ngozi nzuri kuliko zote, badala ya kupiga chini kwenye mguu. Kupe naye ana sehemu yake.

Lipo na tatizo jingine. Ngozi iliyosindikwa vizuri haipatikani kirahisi hapa Shinyanga, ingawa ng'ombe mwenyewe anapita mbele ya mlango. Fundi inambidi aagize mbali ngozi ambayo huenda ilitoka kwa jirani yake. Na asije akajaribu kuisindika kwa kemikali nyumbani, kando ya kisima. Dawa ya kromu, ile inayoipa ngozi rangi ya bluu katika hatua ya kwanza, ni kazi ya kiwanda chenye mabwawa ya kusafishia maji machafu. Sisi wa ukanda wa dhahabu tumekwisha kuona zebaki ilivyotufanyia katika machimbo. Tusiongeze sumu nyingine. Anayetaka njia ya asili, upo utomvu wa magome ya miti, kama ule wa miwati inayolimwa Njombe tangu miaka ya 1940. Nao pia unataka kufundishwa.

Mafunzo yapo, na si mbali. Mwanza kuna kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo zamani ilikuwa chuo cha teknolojia ya ngozi. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani. Na yupo mwalimu ambaye hatumhesabu: fundi viatu wa kituo cha basi, mwenye msharasi, uzi wa nta na gundi.

Huyu wa mwisho mimi nina deni naye. Miaka karibu 20 iliyopita, nikiwa nimetoka kuchukua stashahada yangu ya uandishi wa habari, nilipewa kinasa sauti cha kazi, na sikuwa na kitu cha kukibebea. Fundi viatu mmoja hapa Shinyanga alikipima kwa kipande cha kamba, akaniuliza maikrofoni naitumia kwa mkono upi, akanishonea mkoba wa ngozi. Umekwenda nami Mwadui, Bulyanhulu, Geita, Kishapu. Kinasa sauti kimebadilika mara nne. Mkoba ni ule ule. Watu wengi wameniuliza nimeununua wapi, na mara zote nimejibu, "Kwa fundi mmoja." Jina lake sikuwahi kumwuliza. Niliporudi kumtafuta, nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine.

Hilo linanifikisha kwenye somo la mwisho, nalo linatoka kwa jirani zetu wa Kenya. Akina mama wa Kikamba na Kikikuyu walisuka viondo tangu enzi. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vile, vikitiwa mikanda ya ngozi, vilipendwa sana Ulaya na Marekani, vikabebwa begani na wanawake wa mijini huko. Kisha viwanda vya Asia vikaviiga kwa mashine, na soko likawatoka wasukaji. Kiondo kilikuwa na sifa, lakini msukaji hakuwa na jina juu yake. Kinyume chake, mbunifu Mtanzania Doreen Mashika alipofungua duka Mji Mkongwe wa Zanzibar, bidhaa zake, mikoba ikiwemo, ziliuzwa kwa jina lake. Tanzania Bara, alama ya biashara husajiliwa BRELA. Jina si majivuno. Ni kufuli.

Basi, baada ya majuma matatu nilimpigia dada yangu. Nikamwambia: dada, ulichouliza ni cha haki. Pochi haizai. Lakini ng'ombe naye, tangu siku za babu yetu, amezaa, amekufa, na ngozi yake imekwenda na baiskeli. Kinachozaa ni mkono unaojua. Mtoto ana miaka 19. Mkono wake bado ni ngozi mbichi. Tukingoja, utakauka.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mtamba mmoja. Wa pili abaki zizini."

Nilipomweleza binti, nilidhani atanung'unika. Hakunung'unika. Nimemwekea masharti matatu. Kwanza ajifunze kwa fundi na chuoni kabla ya kununua cherehani, maana mashine haina akili ya kumfundisha. Pili, aandike kila shilingi, kwa sababu mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, kila pochi itakayotoka mkononi mwake iwe na jina lake ndani.

Kisha nikaagiza moja, ya mke wangu, na nikalipa yote kabla. Nimemwambia sitaki punguzo la mjomba.

Nawe ndugu msikilizaji, ukipita kituo cha basi ukamwona fundi ameinamia ngozi, simama kidogo. Mwulize jina lake.